Siku tisa za foleni ni za nani?

SWALI: Mimi ni dereva wa semi, napeleka mizigo Lubumbashi kutoka Dar es Salaam. Nina mshahara wa mwezi, na kila tripu napewa posho ya Sh700,000 mbali na hela ya njia. Safari iliyopita nilipakia nikakaa yadi siku tatu kusubiri karatasi, halafu Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nikalala siku sita. Tripu ya siku 14 ikawa ya siku 23. Niliporudi nikaambiwa posho ni ya tripu, si ya siku, na juu yake nikakatwa mshahara kwa upungufu wa mafuta. Kule njiani kila nikipiga simu ofisini jibu ni "subiri". Haki yangu ni ipi?
Dereva, Mbagala

JIBU: Ndugu yangu, nimeendesha barabara hiyo, kisha nikakalia kiti cha afisa usafirishaji (enzi hizo jina lilikuwa letu, bodaboda walikuwa hawajalichukua). Kwa hiyo anayekujibu ni mtu aliyewahi kusema hilo "subiri" mara nyingi tu.

Tenganisha kwanza mifuko yako. Mshahara ni wako gari litembee lisitembee. Hela ya njia ni ya kampuni: inalipa tozo za barabara Zambia, maegesho na mengineyo, na unairudishia risiti. Ugomvi uko kwenye posho, kwa sababu ofisi huipiga hesabu kwa siku lakini huiandika kwa tripu. Laki saba kwa siku 14 ni Sh50,000 kwa siku. Kwa siku 23 imeshuka hadi Sh30,000 na ushee. Zile siku tisa ulijilisha mwenyewe.

Sasa usinichukie: kama mkataba wako umeandika "posho ya tripu" bila kutaja idadi ya siku, safari hii ofisi ina pa kushikia. Kiwango cha posho ya safari ni jambo la makubaliano. Na kama huna mkataba wa maandishi kabisa, anzia hapo. Madereva waligoma mwaka 2015, na mikataba ilikuwa moja ya madai makubwa, lakini bado wapo wanaopanda gari kwa maneno ya mdomo. Unachotakiwa kudai ni mstari mmoja tu: posho hii ni ya siku 14, kila siku inayozidi kwa sababu isiyo ya dereva italipwa kiasi fulani.

Ofisi itakubali kwa nini? Kwa sababu ya demareji, yaani malipo ya gari kusimamishwa na mzigo. Mikataba mingi niliyopata kuishika kati ya msafirishaji na mwenye mzigo ilikuwa na siku chache za bure mpakani na za kushushia. Zikiisha, mwenye mzigo anadaiwa kwa dola kwa kila siku gari linaposimama. Huenda zile siku sita zako za Kasumbalesa zimeshalipiwa, wewe hujui. Na huenda hazikulipwa kwa kukosa ushahidi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza demareji ya magari manne: mteja aliuliza swali moja tu, "yalifika saa ngapi?", na sikuwa na karatasi hata moja yenye muhuri. Jipiesi, kile kifaa cha kufuatilia gari, ilionyesha magari yamesimama. Mteja akasema yalikuwa yamepumzika.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kusimama kwako ni mali, na mwenye uwezo wa kuiandika ni wewe peke yako. Ukifika popote unapoweza kukwama, tuma ujumbe, usipige simu. Simu haiachi alama. Andika hivi: "Namba ya gari, tarehe 12, saa 4 asubuhi, nimefika Kasumbalesa, nimesimama, FERI haijatoka, wakala wa forodha amejulishwa." FERI ni ile karatasi ya Kongo ya taarifa za mzigo unaoingia. Weka na picha ya karatasi ya geti. Rudia kila asubuhi, hata kama hakuna jipya. Wakati wa kushusha, omba anayepokea aandike saa uliyofika na saa aliyoanza kushusha, agonge muhuri. Ukirudi na faili la namna hiyo, unadai posho ya siku za ziada huku umebeba ankara ambayo kampuni inaihitaji.

Kuhusu zile siku tatu za yadi, acha nitoe siri ya ofisi. Gari lililolala yadi linaonekana kwenye ripoti ya asubuhi kuwa halifanyi kazi. Lililo kwenye foleni Tunduma, mpakani na Zambia, linaandikwa "liko safarini". Ndiyo maana utasukumwa uondoke karatasi zikiwa nusu, na foleni ukaimalizie mbele ambako chakula ni cha kununua. Kabla hujawasha gari uliza kwa maandishi: karatasi za kupitisha mzigo Zambia zimeshaingizwa? FERI ya Kongo ipo? Bima ya kadi ya njano, ile ya gari kuvuka mipaka, inaisha lini? Wakisema "nenda, zitakukuta njiani", waandike hivyo hivyo. Kwangu mimi, heri siku tatu za Dar ulizozilalamikia kuliko tatu za Kasumbalesa.

Mafuta. Hapa sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyofikiri. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara kwa kuamua tu. Awe ameeleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi na namna alivyolikokotoa. Uwe umepewa nafasi ya kulipinga, kosa liwe lako kweli, uwe umekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Foleni inakunywa mafuta: unawasha, unasogea mita ishirini, unazima, siku sita. Mgao wa tripu haukuhesabu hayo. Zile meseji za kila asubuhi zingekujibia na hapa pia. Fomu ya makato usiisaini ikiwa na nafasi tupu, hata kama anayekuletea ni mtu mnayekula naye.

Ofisi ikikataa, andika barua, baki na nakala yenye saini ya aliyepokea. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba moja. Kwa mgogoro usio wa kufukuzwa kazi una siku 60 tangu ulipoanza. Wa kufukuzwa ni 30 tu. Safari mbili kama hiyo yako ya mwisho zinakula siku 46, kwa hiyo fomu uijaze kabla ya kupakia tena.