Wimbo ule ule, usiku mwengine: kwa wapenzi wapya wa klabu za taarab

Kila tamasha la muziki la Sauti za Busara hapa Zanzibar linapomalizika hawakosi vijana wa kuniuliza swali lile lile. Wameisikia klabu ya taarab jukwaani, moyo umewaenda, sasa waanzie wapi? Wengi wanataka niwaandikie orodha ya nyimbo. Siwaandikii. Mwenye orodha huimaliza kwenye simu kwa wiki mbili, akaona keshaijua klabu, akahamia kwengine. Mimi huwaambia hivi: chagueni wimbo mmoja tu wa klabu mnayoipenda, muufuate kila unapopigwa, harusini, Idd, ukumbini, mazoezini, mwaka mzima ikibidi. Hapo ndipo mtakapoanza kuisikia klabu yenyewe.

Klabu zetu ni za umri mkubwa. Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi tunaiita Malindi, ilianzishwa mwaka 1905. Mila na Utamaduni, yaani Culture, ilianza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, ikitokana na vijana wa chama cha Afro-Shirazi. Anayeshika fidla leo amerithi kiti cha mtu ambaye naye alikirithi, na zimo nyimbo zinazompita umri kila aliyekaa jukwaani. Zimedumu kwa sababu kila kizazi kimeruhusiwa kuzipitisha mkononi mwake. Bi Kidude, mpaka alipofariki Aprili 2013, alikuwa akiimba nyimbo za Siti binti Saad alizozisikia akiwa mdogo, na hakuna aliyemsikiliza akadhani anamuiga Siti. Maneno yale yale, sauti yake, pumzi yake, mikato yake.

Ndiyo maana nawahadharisha na rekodi. Siti, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, sahani ya santuri ilibeba takriban dakika 3 kila upande. Kila kitu kilibidi kibanwe humo. Ukumbini wimbo wa taarab unaweza kwenda dakika 15 na zaidi, na kilichokatwa kwenye sahani ndicho hasa kinachomleta mtu ukumbini. Zisikilizeni rekodi, zina thamani kubwa na zimetuhifadhia sauti ambazo zingepotea. Lakini zitumieni kushika maneno na muziki wa wimbo wenu. Mkishazishika, fungeni simu mwende mkasikilize.

Klabu inayojiheshimu hufungua kwa bashrafu. Hakuna mwimbaji, ni ala tupu. Wageni wengi hutumia muda huo kutafuta viti, kusalimiana na kununua juisi, wakisubiri "wimbo uanze". Naomba msifanye hivyo. Bashrafu ina kipande kinachorudi kila baada ya sehemu, na sikio likishakikamata hicho, mtu hapotei tena. La muhimu zaidi, ndani ya bashrafu utagundua kwamba ala zote zinakwenda na muziki mmoja lakini hakuna mbili zinazoupiga sawasawa. Fidla inateleza kuiendea sauti, udi unaidondoa, akodiani inaivuta, nai, yaani filimbi, inaizungusha kabla ya kuitua. Kila mmoja anaupamba kwa anavyoona yeye usiku ule. Usisikilize zote kwa pamoja mwanzoni. Chukua ala moja uifuate tangu mwanzo mpaka mwisho, usiku mwengine chukua nyengine.

Halafu inakuja taksimu. Ngoma za dumbaki na rika zinanyamaza, mpigo unaondoka, anabaki mtu mmoja na ala yake. Hii haijaandikwa popote. Mpigaji anaingia kwenye maqamu, yaani ngazi ya sauti anayoifuata, tuseme hijazi au bayati, anaanzia sauti ya nyumbani, anazunguka karibu nayo, anapanda kidogo, anarudi, anapanda zaidi, mara nyengine anachungulia maqamu jirani, mwisho anashuka taratibu kurudi alipoanzia. Kazi yako wewe msikilizaji ni kuishika ile sauti ya kwanza kichwani usiiachie. Ukiishika, utajua kila wakati yuko mbali kiasi gani na nyumbani, na atakapotua utatamka "Allah!" bila ya kuambiwa na mtu. Wazee waliokaa safu za mbele hawasemi hivyo kwa mazoea tu. Wameusikia mtuo.

Kama ukumbi unaruhusu, kaa upande wa kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi. Najua wengi wanapenda kukaa mbele ya mwimbaji, nami simlaumu mtu, ila kanuni ni darasa. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu zinatoa sauti moja. Upande mmoja daraja limekalia ngozi, na ndiyo maana mlio wake una ukali na ulaini kwa pamoja. Mpigaji amevaa pete kwenye vidole vya shahada, kila pete imebana risha, kijiti cha kudonolea nyuzi. Mtazame mkono wa kushoto. Kati ya ubeti na ubeti utaona unaruka kwenye vijishikio vidogo vya chuma vilivyopangwa pembeni, anainua kimoja, anashusha chengine, kisha mkono unarudi kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Vijishikio hivyo vinapandisha na kushusha uzi kwa kiasi kidogo sana, mpaka zipatikane zile sauti zilizo baina ya vidole viwili vya piano. Udi hauna haja navyo kwa kuwa shingo yake haina vikwazo, kidole kinateleza kinapotaka. Ukishaona mkono ule ukifanya kazi mara kadhaa, utaanza kusikia badiliko la maqamu kabla halijafika.

Wimbo wenyewe sasa. Mwimbaji anatoa ubeti, waitikiaji wanapokea kiitikio, ala zinajibu, kisha ubeti mwengine. Kwa karatasi ni jambo fupi, mara nyingi beti tatu au nne, na nyingi zinafuata mizani 16 zilizokatwa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Kinachourefusha ni nyinyi. Bibi mmoja akiguswa na mstari anainuka na noti yake, anakwenda kwa mwendo wa maringo, mkono umeinuliwa, na nyuma yake wanainuka wengine wanne. Anayeongoza muziki anaiona foleni hiyo. Kiitikio kinarudiwa. Mwimbaji anauvuta mstari ule ule, safari hii anaushusha chini, safari nyengine anauacha katikati watu waumalizie. Fidla inapata nafasi ya kujibu kwa namna ambayo haikuwapo mazoezini. Foleni ikikatika, wimbo unasogea. Kwa hiyo hakuna mtu ukumbini anayetazama tu. Wasikilizaji wakiwa baridi, wimbo wenu utapigwa vizuri na utakwisha mapema. Wakiwa na moyo, mtasikia beti ile ile mara sita na kila mara ina jambo jipya.

Kutunza kuna adabu yake. Usikimbilie mstari wa kwanza. Ngoja beti inayokuhusu. Noti ndogo haina aibu. Mpe mwimbaji mkononi au umuwekee palipowekwa, usimzibe na maikrofoni, usisimame mbele yake kupiga picha. Na jua kwamba mstari unaouinukia unasema kitu juu yako. Maneno ya taarab ni mafumbo: ua, bahari, chombo, ndege, njia iliyojaa miiba. Ukimtunza mwimbaji kwenye beti ya hasidi huku jirani yako mliyenuniana amekaa safu ya pili, umeshamsemesha, na ukumbi mzima umesikia. Kwa hiyo jifunze maneno kwanza. Kaa na wimbo wako, uandike kwa mkono, umuulize mtu mzima nyumbani. Mama na mashangazi zetu wanazijua siri za nyimbo hizi kuliko kitabu chochote, mara nyengine wanajua hata nani aliimbiwa, ingawa hilo hawatakwambia siku ya kwanza.

Mazoezini ndipo ninapowasukuma zaidi. Tamasha ni zuri, lakini pale klabu inapewa muda mfupi na saa inatazamwa. Kwenye jumba la klabu, jioni ya kawaida, utawaona wakisimama katikati ya wimbo, mzee wa fidla akimuimbia kijana mstari kwa mdomo mpaka aupate, kanuni ikitiwa sawa kwa ufunguo uzi mmoja mmoja huku wote wakingoja. Ingia kwa salamu, omba ruhusa, kaa nyuma, zima simu. Sijaona mtu mwenye adabu akifukuzwa. Ukirudi mara ya tatu utaulizwa jina, ukirudi mara ya saba utatumwa kupanga viti, na kutoka hapo wewe si mgeni tena.

Kuhusu kurekodi: chukua dakika moja ya kumbukumbu ukitaka, kisha weka simu mfukoni. Taa za simu zilizoinuliwa wimbo mzima zinawaudhi wapigaji, na wewe mwenyewe unakuwa mpiga picha.

Mtabishana pia Malindi au Culture, taarab asilia au rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kuchezwa. Bishaneni kwa mapenzi. Mimi ni wa asilia na sitabadilika, kwa kuwa nataka kukaa na kusikiliza taksimu, lakini waliolelewa na rusha roho wana masikio mazuri ya maneno na wengi wao wakikaa na bashrafu kwa utulivu wanaipenda. Usimcheke mtu alikotokea.

Ramadhani klabu zinanyamaza. Utumie mwezi huo kusoma mashairi. Idd ikifika, nenda mapema.

Wengine mapenzi yatawavuta mpaka mkataka kupiga. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo tangu 2002 na kinafundisha udi, kanuni, fidla na nyenginezo. Wapo waliotoka pale wakaingia kwenye klabu. Mimi nawashauri hata wasiotaka jukwaa wajaribu udi miezi michache. Baada ya hapo kila taksimu utaisikia vidoleni.

Na kama hupigi, wala huimbi, bado una kazi. Hewa ya bahari inakula nyuzi, na nyuzi nzuri za kanuni na udi si kitu utakachokikuta kila duka. Ukipata safari ya Cairo, Muscat au Dubai, pita kwa wakubwa wa klabu kabla hujaondoka uwaulize wanahitaji nini, na uandike vipimo kwenye karatasi, kwa sababu kanuni na udi hazivai nyuzi za aina moja.