Mchango wa Kwanza Katika Programu Huria: Maswali ya Wanaoanza

Nimejifunza kuandika programu kwa miezi michache tu. Je, ujuzi huu unatosha kuchangia?

Kwa mchango wa kwanza, unatosha. Kinachoadimika katika miradi mingi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ni muda wa wasimamizi, ambao wengi wao hujitolea baada ya saa za kazi. Kwa hiyo mgeni anayeleta badiliko dogo linalokaguliwa kwa dakika tano hupokewa vizuri kuliko yule anayeleta kurasa ishirini za msimbo ambazo hakuna aliyeziomba. Usichoweza kukikwepa ni Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia msimbo wa kiini cha Linux. Jizoeze katika mradi wako binafsi kufungua tawi (mkondo wa kando wa msimbo unaofanyia mabadiliko bila kuugusa ule mkuu), kuhifadhi badiliko pamoja na ujumbe wake, na kulipeleka kwenye seva.

Miradi ni mingi mno. Nichague upi?

Chagua programu au maktaba ya msimbo unayoitumia tayari, kwa sababu unajua inavyopaswa kufanya kazi na utatambua inapokosea. Kisha tazama ni lini badiliko la mwisho lilikubaliwa na kama maswali ya wageni hujibiwa. Hakikisha pia kwamba mradi una leseni, kama vile MIT au GPL, kwani msimbo ulio wazi kwa kila mtu lakini usio na leseni bado haki zake zote ni za mwandishi wake.

Nimepata mradi, lakini kila kazi iliyoorodheshwa inaonekana ngumu. Nianzie wapi?

Miradi mingi huweka lebo maalumu kwenye kazi zinazowafaa wageni, nawe unaweza kuanzia hapo. Hata hivyo, mimi humshauri anayeanza atafute kazi ambayo haijaorodheshwa na mtu yeyote: afungue faili la README, lenye maelezo ya mradi, na kufuata maelekezo ya usakinishaji neno kwa neno, katika folda tupu. Tuseme hatua ya tatu inakutaka uendeshe programu, nayo inakataa kwa kuwa haijapata faili la mipangilio, ambalo maelekezo hayakusema popote kwamba linapaswa kunakiliwa kwanza kutoka kwenye sampuli. Msimamizi hawezi kuligundua pengo hilo kwa urahisi, maana kwenye kompyuta yake faili hilo lipo tangu zamani. Sentensi moja ya kuliziba ni mchango halali.

Sentensi hiyo hutumwa kama ombi (pull request), yaani unawaomba wasimamizi waliingize badiliko lako kwenye mradi. Kabla ya kuituma, soma faili la CONTRIBUTING, ambalo hueleza taratibu za mradi, na uhakikishe kwamba hakuna mwingine aliyekwisha kutuma marekebisho hayo hayo. Ujumbe wa badiliko useme kilichofanyika: "Eleza kwamba faili la mipangilio linanakiliwa kabla ya kuendesha programu" unamsaidia mkaguzi, "Marekebisho" haumwambii kitu. Ukiona makosa mengine njiani, yatume kwa ombi lingine.

Udogo wa badiliko usigeuke kuwa mchezo, lakini. Mwaka 2020, Hacktoberfest, kampeni ya kampuni ya DigitalOcean iliyowaahidi washiriki fulana, iliwaletea wasimamizi wingi wa maombi yasiyo na maana, mengine yakiongeza tu maneno ya sifa kwenye README, hata waandaaji wakalazimika kuihusisha kampeni na miradi iliyoridhia peke yake.

Ombi langu limerudishwa na maoni mengi ya kukosoa. Je, limekataliwa?

Halijakataliwa, mkaguzi asiyetaka mchango wako hangepoteza muda kuandika maoni hayo. Fanya marekebisho katika tawi lile lile, na ombi litajisasisha lenyewe. Kufungua jipya kunavuruga mazungumzo. Hoja usiyokubaliana nayo ijibu kwa sababu za kiufundi. Ukikutana na kimya, subiri wiki moja au mbili, kisha uliza mara moja tu kwa adabu.

Naweza kutumia akili mnemba kuandika msimbo huo?

Inategemea mradi. Miradi ya mifumo ya uendeshaji ya Gentoo na NetBSD, kwa mfano, iliweka mwaka 2024 kanuni za kuzuia msimbo wa aina hiyo, ilhali miradi mingine huuruhusu kwa masharti. Palipo na ruhusa, jitayarishe kueleza kila mstari, kwa kuwa maswali ya mkaguzi yataelekezwa kwako.

Nimeambiwa "nitie saini" badiliko langu. Maana yake nini?

Katika miradi kama Linux, unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Amri ya `git commit -s` huongeza mstari wenye jina na barua pepe yako. Ikiwa umeajiriwa, soma kwanza mkataba wako, kwani baadhi ya waajiri humiliki msimbo unaouandika.