Injini jina moja, kompyuta mbali mbali

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, nimepata injini bei poa, je kompyuta ya gari yangu ya zamani, lile kisanduku linaloendesha injini, itaikubali ama nitafute nyingine? Na nikimuuliza yeye ashalipa, wengi washalipa, injini iko juu ya mkokoteni yaja gereji. Wacha niandike yote hapa mara moja, manake hili somo mie nililipia karo na karo yenyewe haikuwa ndogo.

Gari yangu ni Corolla NZE121, injini 1NZ-FE, otomatiki. Nlikuwa napanda Mazeras kuelekea Mariakani na watu wanne ndani, jua la Februari hilo mwalijua, paipu ya rejeta ikapasuka, mshale wa joto nauona lakini nkajiambia nitasimama hapo mbele. Hapo mbele sikufika. Hizi injini za aluminiamu zikipata moto hazina msalie Mtume, hedi, kile kifuniko cha juu, ikapinda na bloku, bodi yenyewe ya injini, nayo ikawa haifai.

Nkazunguka maduka ya spea Majengo, hapa Mombasa, nkapata 1NZ eks-Japani imekaa vizuri, safi, haina hata jasho la oili. Nkauliza, ni ile ile? Nkajibiwa, "1NZ ni 1NZ babangu." Na kompyuta yake nkaongezewa kwa sh 6,000, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, nyaya zimekatwa kama shibiri moja hivi kutoka kwenye soketi. Nkalipa, nkatoka hapo najiona mjanja.

Kumbe 1NZ-FE ziko za aina mbili kwa upande wa throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Kuna ile ya kebo, ukikanyaga pedeli kebo inavuta throto moja kwa moja, na kuna ile ya umeme, pedeli ni sensa tu, yapeleka ujumbe kwa kompyuta kisha kompyuta ndo inaamua mota ya throto ifungue kiasi gani. Yangu ilikuwa ya kebo. Niliyonunua ya umeme. Jina moja, ujazo mmoja sisi (cc) 1497, plagi nne kila moja na koili yake, lakini kompyuta hazijuani kabisa.

Fundi wangu wa kwanza badala ya kuniambia turudishe, akasema haina neno, nyaya tunaunganisha rangi kwa rangi. Na mie nkakubali! Rangi kwa rangi ndugu zangu ni kamari. Waya wa gari moja waweza kuwa mweusi wenye mstari mweupe ukapeleka kitu, na gari nyingine rangi hizo hizo zikapeleka kitu kingine kabisa. Kuna pini inaitwa VC, hiyo kompyuta inatoa volti 5 za kulisha sensa. Yeye akaipiga volti 12 za betri. Tulisikia harufu kabla hatujaona moshi, harufu kama ya samaki aliyeungulia kwenye plastiki, na hapo sh 6,000 zangu zikawa zimekwenda na maji.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa umeme huko Changamwe. Kaangalia, kacheka, kaniuliza, "Mwanangu, kompyuta yako ya zamani iko wapi?" Nkamwambia iko nyumbani, mamangu ameiweka juu ya kabati na pale pale wiki iliyopita nlikuwa nimetaka kumpa mtu wa skrepa kwa sh 500. Mzee akasema basi shida yako yaisha. Akatoa inteki manifoldi, zile paipu za kupitishia hewa, ya injini yangu iliyoungua na throto yake ya kebo, sensa zote zinazosomwa na kompyuta, akazivika ile injini mpya, akarudisha wayaringi yangu ya asili na kompyuta yangu ya asili. Siku mbili zilienda kwa kuunga nyaya zilizokatwa, kwa solda na mpira wa kubana kwa moto, sio kusokota na tepu. Siku ya tatu ufunguo mmoja tu, ikashika.

Kwa hiyo ukiniuliza mie, injini ikiwa ya jina moja na ile iliyokufa, usitafute kompyuta. Baki na yako. Unachotafuta ni injini, kisha unaivika nguo za ile ya zamani. Kompyuta haijui bloku imebadilishwa, inachojua ni sensa. Ila hakikisha lile duara la meno la krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni lile lile, kwa NZ lina nafasi ya meno 36 lakini yapo 34, mawili yamerukwa makusudi ili kompyuta ijue krenki iko wapi. Meno yakiwa tofauti, utapiga stata mpaka betri ife.

Ikiwa wahamia injini ya jamii nyingine, tuseme Corolla mia na kumi (110) yenye injini ya 5A, ile ya distribyuta inayogawa moto kwa plagi, wataka kuitia 1NZ, hapo ndo kompyuta mpya ni lazima, na hapo usinunue vipande vipande. Tafuta nozikati, ile pua ya gari iliyokatwa nzima, na uombe ipigwe stata mbele yako ikiwa bado na kompyuta yake. Ikishika, chomeka mashine ya kusoma makosa. Kisha chukua vyote vya gari hilo hilo: kompyuta, wayaringi nzima bila kukatwa hata waya mmoja, pedeli ikiwa ya umeme, sensa ya hewa, sanduku la fyuzi na relei, na ufunguo. Ufunguo watu husahau. Kama gari ilikuwa na imobilaiza, kompyuta inangojea chipu iliyo ndani ya ule ufunguo, usipokuwa nao injini yaweza kushika sekunde mbili ikazima, na wewe utalaumu pampu ya mafuta wiki nzima.

Giaboksi nayo. Kompyuta ya otomatiki mara nyingi ndo hiyo hiyo inaendesha gia, kwa hiyo ukiitia kwenye manyuali itatafuta solenoidi, zile vali za umeme za kubadilisha gia, ambazo hazipo na taa ya injini haitazima. Na ukitia ya manyuali kwenye otomatiki, nani atabadilisha gia?

Namba soma kwenye stika. Kompyuta nyingi za Toyota zaanza na 89661, kisha tarakimu tano. Mbili za kwanza kati ya hizo tano hukupa fununu ya gari iliyotoka, mara nyingi 12 ni Corolla, 52 ni jamii ya Vitz. Piga picha stika ya yako kabla hujatoka nyumbani, ukifika dukani linganisha namba yote mpaka mwisho, usikubali kuambiwa "zafanana". Soketi kufanana si hoja, soketi yaingia vizuri na pini ndani zimepangwa vingine.

Kisha ifungue hiyo kompyuta. Ni skrubu nne tu. Sisi watu wa pwani tuna adui yetu, chumvi na unyevu, na AC tunawasha kutwa, paipu ya kutoa maji ikiziba yale maji yarudi ndani chini ya dashibodi upande wa abiria, kule kule kompyuta inakokaa. Ukiona kijani kijani kwenye pini au alama ya maji kwenye bodi, irudishe hata kama wapewa bure. Inuse pia, mie saa hii hua nanusa, watu wa dukani washanizoea.

Na ukishafunga kila kitu, kabla ya kulaumu kompyuta angalia athi, zile nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi. E1, E01, E02, hizo zote ni athi za kompyuta na huishia kwenye boliti za injini. Boliti ikiwa na kutu ama rangi, gari itafanya vituko ambavyo hakuna mashine itakayovisoma. Piga msasa, kaza, ndo uendelee.

Kuna vijana huniuliza kuhusu zile kompyuta za kununua tupu unazojipangia mwenyewe mafuta na moto. Ni nzuri kwa gari ya mashindano, lakini zataka mtu anayejua kuzipanga, na gari ya kwenda kazini Shimanzi na kurudi Kisauni haina haja nayo.

La mwisho ni risiti, iandikwe namba ya injini, sio "injini moja" peke yake, na uombe waandike siku za kurudisha. Namba ya injini ikibadilika, logbuku nayo yafaa ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, na bila karatasi za ulikoitoa hiyo injini utapigwa danadana. Mie yangu ya kwanza iliandikwa "spea". Nlirudi dukani mara tatu ndo nkaandikiwa nyingine.