Dakika tatu mbele ya wasiokujua

Wanangu mnaokuja na madaftari mkisema mnataka kutunga nyimbo "kama za Eurovision", kwanza tuwekane sawa. Eurovision ni mashindano ya nyimbo ya kila mwaka baina ya nchi, nyingi zikiwa za Ulaya, na Tanzania haishiriki. Afrika nzima ni Morocco tu iliyowahi kuingia, tena mara moja, mwaka 1980: Samira Bensaïd aliimba kwa Kiarabu, akashika nafasi ya 18 kati ya nchi 19, na baadaye akawa nyota mkubwa katika nchi za Kiarabu. Hata hivyo ni darasa zuri, kwa sababu sheria zake zinambana mtunzi kuliko prodyuza yeyote wa hapa Unguja.

Inayowatesa zaidi wanafunzi wangu ni ya muda: wimbo usizidi dakika tatu. Sisi tuliolelewa na taarab tumezoea vyombo vitambe kwanza, fidla ijibizane na ganuni, watu wakae vizuri vitini, ndipo mwimbaji ainuke. Kijana mmoja wa Kikwajuni aliniletea wimbo mzuri kweli, lakini mpaka sauti yake isikike, dakika nzima ilikuwa imekaribia kwisha. Ganuni hatukuitupa. Tulichukua kile kipande kifupi ambacho ukishakisikia unakwenda nacho njiani ukikiimba, tukakiweka mwanzo kabisa, na sauti ikaingia juu yake hapo hapo. Ubeti wa tatu aliulilia sana, ukaondoka vilevile.

Sasa mfikirieni anayesikiliza. Kule kila nchi hutoa pointi 1 hadi 8, kisha 10 na 12, na hairuhusiwi kujipigia kura. Yaani mashabiki wako wote wa Michenzani hawakufai kitu. Anayekupa pointi ni mtu asiyekujua wala kuijua lugha yako, na usiku ule ameshasikia nyimbo chungu nzima. Ndiyo maana wengi wenu mnakimbilia Kiingereza. Mimi siwashauri. Tangu 1999 kila nchi iko huru kuchagua lugha, na nchi nyingi zilihamia huko kweli. Lakini mwaka 2017 Salvador Sobral alisimama peke yake, bila mchezaji hata mmoja, akaimba kwa Kireno wimbo alioandikiwa na dada yake Luísa. Ureno ilikuwa ikishiriki tangu 1964, na huo ndio ushindi wake wa kwanza. Mwaka uliotangulia Jamala wa Ukraine alikuwa ameshinda na kiitikio cha Kitatari cha Crimea. Na kwetu hapa, Bi Kidude hakuhitaji Kiingereza kupata tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, mwimbaji anaivuta sauti popote apendapo. Kuyaacha hayo ukashike Kiingereza cha kuokoteza ni hasara tupu.

Kuhusu jukwaa sina mengi. Watu wasizidi sita, basi. La maana ni kwamba vyombo vyote kule vimesharekodiwa, ila sauti kuu lazima iimbwe papo hapo. Kwa hiyo acheni huu mtindo wa kufumbua mdomo juu ya sauti yenu iliyotoka studio. Mwombeni prodyuza biti tupu, muimbe huku mnatembea, mkipanda ngazi ikibidi. Pumzi ikikatika kwenye kiitikio, msiilaumu maikrofoni: punguzeni maneno au shusheni kii, yaani wimbo uimbwe kwa sauti ya chini zaidi kwenye ngazi ya muziki.

Na mazoezi. Watazamaji wengi hawajui kwamba majaji wa fainali hupiga kura zao kwa kutazama mazoezi ya usiku wa kuamkia shindano. Anayeibania sauti akingoja siku yenyewe, karibu nusu ya pointi zimeshampita. Huku kwetu mafundi wakiita watu kupima vyombo, mtu anapanda, "haloo, moja mbili, moja mbili", anashuka kwenda kutafuta urojo. Nyinyi mkiitwa, imbeni wimbo mzima, kiitikio kwa nguvu ileile ya usiku, na mwenzenu mmoja akae nyuma kabisa, karibu na mlango, aje kuwaambia maneno gani hayakumfikia.