Nguruwe wetu alikuwa na punje nyeupe kwenye nyama. Je, ndiye aliyemletea mdogo wangu kifafa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga nguruwe wilayani Mbozi. Juzi tulichinja jike mmoja, tukakuta ulimi na nyama ya paja vimejaa punje nyeupe kama mchele. Mchinjaji akasema ni kawaida, tuikaange vizuri tu. Nguruwe wangu wanachomwa ivermectin kila baada ya miezi mitatu, sasa hizi punje zimetoka wapi? Halafu kuna mdogo wangu ninayeishi naye, ameanza kuanguka kifafa ukubwani. Yeye ni Msabato, hagusi kitimoto kabisa, lakini majirani wanasema chanzo ni nguruwe wangu. Inawezekanaje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa yaliyompata mdogo wako. Inawezekana, ingawa si kwa njia wanayoifikiria majirani. Kutokula nguruwe hakumkingi na ugonjwa huu.

Kwa maelezo yako, punje hizo ni vifuko vyenye viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, Taenia solium. Tegu huyu anampata binadamu kwa njia mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni nyama. Ukila nyama yenye vifuko ambayo haijaiva, kiluwiluwi hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na baada ya miezi miwili hivi anakuwa tegu mzima, mwenye urefu wa mita mbili hadi saba. Anakaa humo humo utumboni, mara nyingi bila kumsumbua mwenyewe, isipokuwa vipande bapa vyeupe anavyoviona kwenye choo kikubwa. Vipande hivyo vina mayai maelfu kwa maelfu.

Njia ya pili ndiyo inayomhusu mdogo wako, nayo haipitii kwenye nyama hata kidogo. Mtu akimeza yale mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu, viluwiluwi hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye misuli, machoni au kwenye ubongo. Kikikaa kwenye ubongo, kifafa kinaweza kufuata, pengine baada ya miaka. Mayai hayaonekani kwa macho. Yanafika kwa mikono ya mpishi ambaye hakunawa alipotoka chooni, kwa mboga za majani zilizoliwa bila kupikwa, kwa maji ya kisima yasiyochemshwa. Msabato, Mwislamu, mtoto ambaye hajaonja nyama, wote wanayameza vilevile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu amezoeleka, takribani asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu yake. Nyanda zetu za Juu Kusini zimo kwenye maeneo hayo, kama ilivyo Mbulu kule Manyara.

Hata hivyo mimi ni daktari wa mifugo, siwezi kumpima mdogo wako kwa barua. Kifafa cha ukubwani kina vyanzo vingine pia, kama kuumia kichwa au uvimbe kwenye ubongo. Mpelekeni hospitali yenye kipimo cha picha ya CT, mweleze daktari habari ya nguruwe, na dawa zake za kifafa asiziache. Na akianguka msiogope kumshika. Kifafa hakiambukizwi kwa mate.

Sasa turudi bandani. Nguruwe hawezi kumpa nguruwe mwenzake vifuko. Lazima awe amemeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, na vifuko huchukua miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Kama jike huyo ulimnunua hivi karibuni, huenda alikuja navyo. Kama alizaliwa na kukulia kwako, basi karibu na nyumba yako yuko mtu mwenye tegu, na pengine hajijui. Huyo ndiye wa kumtafuta kabla ya kulaumu mifugo. Kituo cha afya kina uwezo wa kupima choo na kutoa dawa. Msijinunulie praziquantel dukani, ile ile ya kichocho, mkagawana nyumba nzima. Mtu mwenye viluwiluwi kwenye ubongo akiimeza anaweza kuanguka degedege, kwa hiyo yeyote aliyewahi kuanguka au mwenye maumivu makali ya kichwa ya muda mrefu amwambie mganga kwanza.

Mchinjaji wako amesema nusu ya ukweli. Joto linaua viluwiluwi kweli, nyama ikichemka mpaka ndani isibaki na wekundu wowote. Tatizo ni ile choma ya haraka, nje imeungua na katikati bado mbichi. Kuikausha kwa moshi si kinga ya kutegemea. Nyama iliyojaa vifuko kiasi ulichoeleza mimi nisingeipika: mwite afisa mifugo aikague, kisha iteketezwe au ifukiwe kwa kina. Wala asikudanganye mtu kwamba nguruwe mwenye ulimi safi ni salama. Kukagua ulimi hukamata wale walioathirika sana, wengine wengi wanapita.

Ivermectin uliyochoma ilifanya kazi yake, ya minyoo ya mviringo na upele. Tegu haimgusi. Dawa inayoua vifuko kwenye misuli ya nguruwe ni oxfendazole, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mdomo. Ukishampa, usimchinje mara moja: kuna muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo, na vifuko vilivyokufa huchukua kama miezi mitatu kuondoka kwenye nyama. Ipo pia chanjo, TSOL18, inayofanya kazi vizuri ikienda pamoja na dawa hiyo. Muulize afisa mifugo wako kama inapatikana huko.

Lakini dawa na chanjo ni gharama ya kurudia. Wafungie nguruwe bandani mwaka mzima, hata baada ya mavuno, na hakikisha kila anayelala au kufanya kazi kwako, wakiwemo vibarua wa shambani, ana choo chenye mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma.