Matangazo kwenye blogu: hesabu yangu ya miaka saba

Mkuu, umeuliza hivi: blogu yako ina miezi minane, watu kama 60 wanaingia kwa siku, na rafiki yako amekwambia uweke matangazo hela ijilete yenyewe. Unataka kujua ni hela kiasi gani na kama uanze sasa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi nilipouliza swali hilohilo zamani nilijibiwa na watu wa aina mbili tu: wauza kozi, na waliojaribu wiki tatu wakaacha.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayouma. Watu 60 kwa siku ni 1,800 kwa mwezi. Tuseme kila mmoja anafungua ukurasa mmoja na nusu, unapata kurasa 2,700. Mapato ya matangazo hupimwa kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa, na kwenye dashibodi utaona kipimo hicho kimeandikwa RPM. Yangu kwa miaka yote imekuwa ikicheza kati ya senti 60 na dola 2. Chukua dola 1 tusigombane. Unapata dola 2 na senti 70 kwa mwezi. AdSense, huduma ya Google inayokuwekea matangazo kwenye tovuti yako, haikulipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo utasubiri kama miezi 37.

Mimi malipo ya kwanza niliyapata mwezi wa 26. Siku yalipoingia nilikuwa nimeshasahau kama kuna kitu kama hicho.

Blogu yangu inahusu cherehani za nyumbani. Mwanzoni nilikuwa naandika chochote kinachonijia: jinsi shangazi alivyonifundisha kushona, mashine yake kuukuu ya mguu, gauni la kwanza nililoliharibu. Watu walizipenda hizo habari, wakaacha maoni marefu, wakawatumia jamaa zao. Hela hazikuniletea. Ukurasa unaoilisha blogu hii mpaka leo, karibu theluthi mbili ya mapato yote, unaitwa "Cherehani inaruka mishono: tazama sindano kwanza". Niliuandika kwa hasira usiku mmoja, baada ya kupoteza jioni nzima nikikaza na kulegeza uzi kumbe tatizo lilikuwa sindano. Kishina, ile sehemu nene ya juu inayoingia kwenye mashine, kwa sindano za cherehani nyingi za nyumbani kina upande mmoja bapa, na kwa mashine ambazo uzi unaingia kwa mbele, upande huo bapa unatakiwa uelekee nyuma. Mimi nilikuwa nimeuelekeza pembeni. Nikapiga picha mbili kwa simu, moja ina kidole changu chenye plasta, nikaiweka hivyohivyo. Miezi miwili hakuna aliyeusoma. Wa tatu wakaanza kuingia kutoka kwenye utafutaji, wawili watatu kwa siku, na hawajaacha kuja.

Hapa ndipo penye siri yote, kama ni siri. Mtu anayesoma hadithi ya shangazi yangu ameletwa na kiungo cha rafiki yake, anasoma, anatabasamu, anaondoka. Mtu ambaye cherehani yake inaruka mishono ana nguo nusu mezani na yuko tayari kununua sindano, bobini, kifaa fulani, au mashine mpya kabisa. Ukurasa unapofunguka kunafanyika mnada wa kufumba na kufumbua, wenye bidhaa wanashindania ile nafasi, na wanapandisha dau kwa yule wanayemdhania mnunuzi. Nchi anayotoka msomaji nayo ina uzito wake, maana penye watangazaji wengi ushindani ni mkali, kwa hiyo ukurasa uleule kwa wasomaji wawili unaweza kukupa bei mbili zilizo mbali kabisa. Na majira pia. Kwangu Novemba na Desemba hupanda, Januari inaporomoka kama imekatwa kwa mkasi. Januari ya kwanza niliamini nimeibiwa. Niliandika barua pepe ya malalamiko, aya nne, nikaifuta kabla sijaituma.

Ya mgawanyo nitapita haraka. Kwa miaka mingi AdSense ilikuwa ikimpa mwenye tovuti asilimia 68 ya mapato ya matangazo ndani ya kurasa zake. Tangu 2024 hesabu imebadilika: anapata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya chombo alichotumia mtangazaji kukata chake, na malipo yanahesabiwa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa. Mfukoni sikuona tofauti kubwa. Lakini usiwasikilize tena wanaokufundisha mbinu za kumfanya msomaji abofye. Wanauza somo lililopitwa na wakati, tena ni somo linalofungisha akaunti.

Ya kufungiwa naijua vizuri. Kabla ya AdSense nilikuwa kwenye mtandao mwingine mdogo wa matangazo, jina naliacha. Salio lilikuwa dola 41. Mdogo wangu, kwa mapenzi yake tu, akaandika kwenye kundi la familia: "Jamani ingieni kwa dada mbonyeze matangazo, kila mtu mara tano." Nilikuwa nimezoea kuona mibofyo mitatu kwa siku. Asubuhi ile naamka nakuta 70. Nilifurahi, nisidanganye. Nikamwonesha mume wangu kabla hata sijapiga mswaki. Siku ya tatu ikaja barua pepe ya mistari minne: shughuli isiyo halali, akaunti imefungwa, salio limerudishwa kwa watangazaji. Nilikata rufaa, jibu likarudi lilelile. Hasira zilipopoa nikasoma masharti niliyokuwa nimeyakubali bila kuyasoma, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kwa hiyo usibofye matangazo yako mwenyewe hata kwa kujaribu, na waambie wa nyumbani mapema kwamba msaada wao ni kukaa mbali. Mdogo wangu mpaka leo tukimtania anainuka na kuondoka.

Sasa kosa langu la pili, ambalo naliona kwa karibu kila anayeanza: tamaa ya nafasi. Kuna matangazo yanayojipanga yenyewe, unawasha kitufe kimoja tu na mfumo unachagua pa kuyaweka. Niliwasha, nikaruhusu mengi kadiri inavyowezekana. Siku moja msomaji mmoja akaniandikia kwamba kwenye maelezo yangu ya kuweka bobini alibofya picha ya hatua ya nne, akajikuta kwenye duka la viatu. Nikafungua ukurasa kwa simu yangu. Hatua ya tatu: "vuta uzi kwenye kijitundu". Chini yake picha kubwa, ukubwa sawasawa na picha zangu. Chini yake hatua ya tano, kwa sababu ya nne ilikuwa imesukumwa mpaka nyuma ya tangazo lingine lililoganda chini ya kioo. Hapo ukurasa ulikuwa umeshachukua sekunde kadhaa kutulia, maandishi yakirukaruka kila tangazo linapoingia. Msomaji mwenye nguo nusu mezani hana subira hiyo.

Nikazima. Nikabaki na matangazo matatu niliyoyapanga kwa mkono: moja baada ya aya inayotaja tatizo, moja baada ya hatua zote, moja mwishoni. Katikati ya hatua simuweki mtu. Mwezi wa kwanza mapato yalishuka kidogo, wa pili yakarudi palepale, maana watu walikuwa wanamaliza kusoma na kufungua ukurasa wa pili. Pia ingia kwenye sehemu ya kuzuia, ufunge makundi usiyoyataka. Mimi nimefunga ya kutajirika haraka na ya kupunguza uzito. Nimepoteza senti, lakini shangazi yangu anasoma ile blogu.

Kuna mambo ya makaratasi ambayo hakuna aliyeniambia. Salio likifika dola 10 unatumiwa barua ya posta, ya karatasi kabisa, yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Unapewa miezi 4 tangu namba ya kwanza itolewe. Ukipitisha bila kuiingiza, matangazo yanaacha kuonekana. Mimi nilijaza anwani kwa haraka, pungufu, barua ya kwanza ikapotelea hukohuko. Niliomba ya pili, ikafika imekunjamana wakati muda umebaki wiki moja na nusu. Andika anwani kama unavyoiandika unaposubiri mzigo wa thamani. Na jina la akaunti lilingane herufi kwa herufi na la benki. Kama una wasomaji wa Ulaya na Uingereza, tangu Januari 2024 ni lazima waoneshwe ujumbe wa kuomba ridhaa ya vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari cha msomaji) kupitia mfumo ulioidhinishwa na Google. Upo wa bure ndani ya AdSense, kwenye sehemu ya faragha. Ni kazi ya dakika kumi, lakini ukiiacha matangazo mengi kwa wasomaji hao hayatatoka.

Hela nzuri kuliko zote sikuipata kwenye mnada. Muuza vipuri vya cherehani aliuona ule ukurasa wa sindano akaniandikia kama anaweza kukodi nafasi moja kwa mwezi. Tukakubaliana kiwango ambacho mnada ungenipa kwa miezi minne. Nikaandika neno "Tangazo" juu yake waziwazi, na kiungo nikakiwekea alama ya udhamini, ile "sponsored" ambayo Google iliileta 2019 ili viungo vya kulipiwa vijulikane. Amekaa mwaka na nusu. Baada yake walikuja wengine wakitaka kununua kiungo kilichofichwa katikati ya maandishi, bila alama, cha mambo ambayo hayana uhusiano wowote na ushonaji. Hao wanalipa haraka na wana adabu nyingi kwenye barua. Kataa. Wanakodi jina lako zuri kwenye injini ya utafutaji, na likichafuka ule ukurasa mmoja unaokulisha unazama nalo.

Kwa jumla mimi napata cha kulipia domeini (anwani ya blogu) na hostingi (mahali inapohifadhiwa) ya mwaka, simu ya mkononi ya kupigia picha niliibadilisha mara moja, na kinachobaki nanunulia vitambaa vya majaribio. Anayekwambia ataacha kazi kwa blogu ya watu 60 kwa siku, muulize anauza nini.

Kwa hali yako, mimi nisingeweka matangazo sasa. Kurasa zitakuwa nzito kwa ajili ya dola mbili na ushee, na wasomaji wachache ulionao ndio bado wanakupima. Badala yake unganisha blogu yako na Search Console kama bado, chombo cha Google kinachokuonesha blogu yako inavyotokea kwenye utafutaji, haina malipo. Iache ikusanye data mwezi mmoja, kisha fungua orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika wakakutana na blogu yako. Achana na yanayokuletea watu wengi tayari. Tafuta yale ambayo unaonekana mara nyingi lakini uko nafasi ya 12 au ya 20 kwenye matokeo, na yanayosomeka kama mtu mwenye shida mkononi: "imekwama", "haiwaki", "inaruka", "ipi ni bora". Kwangu lilikuwa neno "inaruka", nilikuwa nafasi ya 17, na nilichofanya ni kuongeza picha za karibu na kuandika upya aya ya kwanza ili jibu liwe juu.

Ukiyapata matatu au manne, yaweke hapa chini na useme kila moja liko nafasi ya ngapi. Mimi huwa naingia jioni, tutayapitia moja moja.