Re: MS 381 kupanda nayo juu ya mti

Mkuu, umeuliza kama hiyo Stihl MS 381 ya mtumba, msumeno wa injini (chainsaw), inafaa kupanda nayo kupogoa miembe, mimi nakwambia hapana. Hiyo injini yake ni cc 72, kilo 6 na ushee bila hata bleti (ule upanga unaozungukwa na cheni) na mafuta, ni ya kulaza miti ukiwa chini. Juu tafuta Stihl ndogo ya kupandia, MS 201 T, kilo kama 3.7, mshikio uko juu, ila usidanganyike ukakata kwa mkono mmoja. Hela ikibana chukua msumeno wa mkono uliopinda, matawi mengi unamaliza nao.

Ila kabla ya mashine nunua mkanda wa maana wa kujifungia mtini. Kila unapokata uwe umejifunga kwa kamba mbili, moja yenye waya wa chuma ndani, maana mimi nishapitisha cheni kwenye kamba ya katani niliyojifungia, zikabaki nyuzi mbili tatu hivi, nikashuka nimekumbatia shina kama komba, wife hajui mpaka leo 😅. Halafu ile ncha ya bleti upande wa juu isiguse tawi, inakurukia usoni hujapepesa. Na kama kuna nyaya za TANESCO karibu, wazime kwanza.